Kepler, nyota yenye mkia, na mama aliyeitwa mchawi

Wengi wetu tunaukumbuka mwezi wa 10 wa mwaka 2024. Jua likiisha kuzama, upande wa magharibi ilionekana nyota yenye mkia, ile ambayo wenye elimu huiita kometi. Jioni moja baada ya maombi, mzee mmoja wa kanisa letu aliniuliza ni jambo gani baya linalotujia. Nilimjibu kwamba sijui. Miezi mitatu baadaye vita vikafika Goma, na mwezi uliofuata vikafika Bukavu. Tulipoonana tena, yule mzee hakusema neno. Alinyosha tu kidole juu mbinguni, akanitazama.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya mtu mmoja aliyeishi Ujerumani miaka 400 iliyopita. Jina lake ni Johannes Kepler. Alikuwa mwamini wa Kilutheri, alisoma teolojia akitaka kuwa mchungaji, alifukuzwa kwa sababu ya imani yake, alizika watoto, alikimbia vita. Leo shule zote za dunia hufundisha kanuni zake juu ya mwendo wa sayari. Lakini si kanuni zake zinazonifanya nimwandike leo. Ninamwandika kwa sababu ya nyota yenye mkia aliyoiona utotoni, na kwa sababu ya yule aliyemshika mkono kwenda kuitazama.

Mtoto kilimani

Kepler alizaliwa tarehe 27 mwezi wa 12 mwaka 1571, katika mji mdogo wa Weil der Stadt, uliozungukwa na nchi ya Württemberg. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, akawa mtoto dhaifu. Ndui ilimpata akiwa mdogo, ikamwachia macho mabovu. Ni ajabu ya Mungu: mtu aliyekuja kutufundisha njia za sayari hakuona vizuri vitu vya mbali.

Baba yake, Heinrich, alikuwa askari wa kukodiwa. Aliondoka kwenda vitani, akarudi, akaondoka tena, na mwishoni hakurudi kabisa. Mama yake, Katharina, binti wa mwenye nyumba ya wageni, ndiye aliyebaki na watoto. Hakuwa na elimu ya shule. Alijua majani ya dawa, na majirani walikuja kwake walipougua. Alikuwa na ulimi mkali na hakuogopa watu. Tuyakumbuke haya, maana baadaye yatamponza.

Mwezi wa 11 mwaka 1577 nyota kubwa yenye mkia ilitokea mbinguni, ikaonekana Ulaya nzima mpaka mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata. Mkia wake ulikuwa mrefu, mwanga wake mkali. Watu walitetemeka. Wenye mitambo ya kuchapa vitabu walitoa karatasi nyingi zilizotangaza njaa, tauni, vita na kifo cha wafalme. Kiongozi mmoja wa kanisa la Kilutheri, Andreas Celichius, alifundisha mwaka 1578 kwamba nyota hizo ni moshi mzito wa dhambi za watu, unaopanda kila siku mpaka hasira ya Mungu inauwasha. Mahubiri ya namna hiyo hayajatuacha.

Katika hofu ile, Katharina alimchukua mwanawe, aliyekuwa karibu na miaka sita, akampandisha mahali pa juu ili aione. Kepler hakuisahau siku hiyo, na akiwa mtu mzima aliiandika. Hatujaambiwa kwamba mama alimfundisha neno lolote la hekima. Tunajua tu kwamba wakati wengi walikuwa wakiogopa, yeye alimpeleka mtoto kuangalia. Miaka michache baadaye aliitwa nje usiku kuona kupatwa kwa mwezi.

Usiku zile zile kulikuwa na wengine waliotazama kwa vyombo. Katika kisiwa cha Hven huko Denmark, Tycho Brahe alikuwa akipima kila jioni mahali nyota ile iliposimama kati ya nyota nyingine. Tangu zamani wenye elimu, wakimfuata Aristotle, walisema kometi ni mvuke unaowaka hewani, karibu na dunia. Tycho alitaka kujua kama ni kweli.

Njia yake tunaweza kuielewa hata nyumbani. Inua kidole mbele ya uso wako, ufumbe jicho moja, kisha ufumbe lingine. Kidole kinaonekana kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, lakini mti ulio mbali hauruki. Kitu cha karibu huhama ukibadilisha mahali pa kutazamia. Kitu cha mbali sana hakihami. Tycho alilinganisha vipimo vyake na vya mtu aliyetazama kutoka Prague. Mwezi huonekana kuhama kati ya miji hiyo miwili, lakini ile kometi haikuhama kiasi hicho. Basi ilikuwa mbali kuliko mwezi. Haikuwa moshi wa dunia, wala moshi wa dhambi.

Shemasi mmoja kijana wa kanisa la Kilutheri katika mji wa Backnang, Michael Maestlin, alifikia jibu hilo hilo. Shemasi huyo alikuja kuwa mwalimu wa yule mtoto wa kilimani.

Aliyetaka kuwa mchungaji

Watawala wa Württemberg walikuwa na mpango mzuri: mtoto wa maskini mwenye akili aliweza kusomeshwa ili kanisa na serikali vipate watumishi. Kwa msaada huo Kepler alipita shule za Adelberg na Maulbronn, na mwaka 1589 akaingia chuo kikuu cha Tübingen. Nia yake ilikuwa moja tu, kusimama madhabahuni na kuhubiri Neno. Huko Maestlin alimfundisha hesabu na elimu ya nyota, na kumweleza mawazo ya Copernicus, kwamba dunia ndiyo inayozunguka jua.

Mwaka 1594, masomo ya teolojia yakiwa karibu kumalizika, shule ya Waprotestanti ya Graz, huko Austria, iliomba mwalimu wa hesabu. Chuo kilimtuma Kepler. Alikwenda kwa uchungu, kama yeyote kati yetu ambaye angeambiwa kabla ya kubarikiwa kwamba hatapewa parokia. Lakini mwaka uliofuata alimwandikia Maestlin kwamba sasa ameona jinsi Mungu anavyotukuzwa hata kwa kazi ya nyota. Hakuuacha wito wake. Aliona kwamba umepewa mahali pengine pa kutumikia.

Tusimfanye malaika. Kazi yake Graz ilikuwa pia kuandika kalenda zenye utabiri wa mwaka. Kwa mwaka 1595 alitabiri baridi kali na mashambulio ya Waturuki, na yote mawili yakatokea, akapata sifa kubwa. Yeye mwenyewe alijua udhaifu wa kazi hiyo. Alidharau sehemu kubwa ya utabiri wa nyota, lakini hakuutupa wote, na mara nyingi ulimpatia mkate. Alikuwa mtu wa wakati wake, akitoka gizani hatua kwa hatua.

Mwaka 1598 mtawala wa eneo hilo, Ferdinand, Mkatoliki mwenye bidii kali, aliwafukuza wahubiri na walimu wa Kiprotestanti. Kepler aliruhusiwa kurudi kwa muda. Katika miaka hiyo alizika watoto wake wawili wa kwanza, Heinrich na Susanna, wote wakiwa wachanga. Mwaka 1600 wakazi waliitwa mmoja mmoja kuulizwa imani yao. Aliyekataa kugeuka aliondoka. Kepler alikataa, akaondoka na mke wake Barbara na Regina, binti wa mke wake. Waprotestanti nao waliwatendea Wakatoliki hivyo hivyo katika nchi walizozitawala, nasi tusijifiche.

Akiwa mkimbizi alipokelewa Prague na Tycho Brahe, ambaye sasa alimtumikia Kaisari Rudolf II. Tycho alikufa tarehe 24 mwezi wa 10 mwaka 1601, na Kepler akapewa nafasi yake pamoja na hazina yake ya vipimo. Kwa miaka mingi alipambana na mwendo wa sayari ya Mars. Wakati fulani alipata hesabu iliyokaribia sana vipimo vya Tycho. Tofauti ilibaki dakika 8 tu za pembe, yaani kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Wengi wangesema inatosha. Kepler aliamini kwamba Mungu amewapa mpimaji mwaminifu, hivyo si halali kufunika tofauti hiyo. Alibomoa kazi yake, akaanza upya, na mwaka 1609 akaonyesha kwamba sayari hazizunguki kwa duara kamili bali kwa duara lililorefuka kidogo.

Shika neno hili, msomaji: dakika 8. Mtu aliyekataa kudanganya juu ya robo ya mwezi ndiye atakayesimama mbele ya mahakama kumtetea mama yake.

Nyota za mwaka 1618

Mwaka 1611 vita vya wakubwa viliingia Prague. Mwaka huo Friedrich, mtoto wa Kepler wa miaka sita, alikufa kwa ndui, na Barbara naye akafa. Mwaka 1612 mjane huyu alihamia Linz kufundisha, na baadaye akaoa tena.

Huko Linz alipata jeraha kutoka kwa watu wa nyumbani. Mchungaji Daniel Hitzler alimtaka aweke sahihi kwenye ungamo la Kilutheri bila kubakiza neno. Kepler alikubali karibu yote, isipokuwa fundisho moja juu ya mwili wa Kristo kuwa kila mahali. Tena hakutaka kuwalaani ndugu wa upande wa Calvin. Akanyimwa Meza ya Bwana. Alikata rufaa kwa wakuu wa kanisa lake huko Württemberg, akashindwa. Hata mwalimu wake wa zamani, Hafenreffer, alimfungia mlango mwaka 1619. Ni mtu yule yule aliyekubali kufukuzwa Graz kuliko kuukana Ulutheri. Sisi wa Kanisa la Kristo katika Kongo, tulio jumuiya nyingi chini ya paa moja, tusome habari hii polepole.

Kisha ukaja mwaka 1618. Mwezi wa pili alikufa binti yake mdogo, Katharina, aliyebeba jina la bibi yake. Kepler hakuweza tena kuendelea na majedwali ya hesabu, akaligeukia wazo alilolipenda tangu ujana, utaratibu mzuri ambao Mungu ameuweka katika uumbaji. Tarehe 15 mwezi wa 5 alithibitisha kanuni yake ya tatu ya sayari. Siku nane baadaye, huko Prague, wakuu wa Kiprotestanti waliwatupa dirishani wawakilishi wa Kaisari, na vita vya miaka 30 vikaanza.

Mwaka huo huo zilionekana nyota tatu zenye mkia. Ya tatu, iliyotokea mwezi wa 11 na kubaki mpaka mwezi wa kwanza, ilikuwa kubwa na ya kutisha. Mara watu wakasema: hii ndiyo iliyoleta vita. Lakini hesabu miezi. Vita vilianza mwezi wa 5, na ile kubwa ilikuja mwezi wa 11. Kabla nyota haijatokea, watu walikuwa wamekwisha kutafuta silaha, fedha na sababu.

Kepler alizitazama kutoka Linz, na mwaka 1619 akatoa kitabu juu ya kometi. Alieleza kwamba mkia hauelekei ovyo. Huelekea upande usio na jua, kwa sababu miali ya jua hupita katika kichwa cha nyota na kusukuma sehemu ya mwili wake nyuma, hivyo kometi hujimaliza kidogo kidogo. Leo tunajua kwamba kichwa hicho ni barafu na vumbi, kwamba joto la jua huigeuza barafu hiyo kuwa gesi, na kwamba kweli jua ndilo linalousukuma mkia. Aliamini pia kwamba kometi ni nyingi mno angani kama samaki baharini, ila chache tu ndizo tunazoziona.

Alikosea pia. Alidhani kometi hupita mara moja katika mstari ulionyooka na kutoweka milele. Tena hakukana kabisa kwamba Mungu aweza kuzitumia kuwaamsha watu. Lakini vipimo vyake vilikuwa vya kweli, na vipimo vya kweli humsaidia hata anayekuja baadaye kumsahihisha mwandishi wake. Kometi aliyoipima Prague mwaka 1607 ilichunguzwa tena na Mwingereza Edmond Halley. Aliilinganisha na za mwaka 1531 na 1682, akaona kuwa ni ile ile moja inayorudi kila baada ya miaka kama 76, akatangaza kwamba itarudi mwaka 1758. Siku ya Noeli ya mwaka huo, Halley akiwa amekwisha kufa, mkulima Mjerumani aitwaye Palitzsch aliiona. Wazee wengi wetu walikuwa hai ilipopita mwaka 1986. Itarudi mwaka 2061. Kitu chenye ratiba kama hiyo hakingoji wakubwa wetu wagombane.

Mama anashitakiwa

Sasa turudi kwa mama. Mwishoni mwa mwaka 1615 Kepler alipokea Linz barua ya dada yake Margaretha. Mama yao, aliyekuwa akikaa Leonberg, ameitwa mchawi.

Chanzo kilikuwa jirani, Ursula Reinbold, mke wa fundi wa vioo. Waliwahi kuwa marafiki, wakagombana. Ursula alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, akasema ugonjwa ulianza alipopewa na Katharina kinywaji kichungu. Nyuma yake alisimama mkuu wa mji, Lutherus Einhorn, ambaye majira hayo alikuwa ameanza kuwaua wanawake kwa shitaka la uchawi. Watoto wa Katharina walimshitaki Ursula kwa kumchafulia mama jina. Kesi ikacheleweshwa, na maneno yakaendelea kukua.

Ndipo kila mtu akakumbuka jambo. Msichana mmoja aliumwa mkono: alikuwa amekutana na yule bibi njiani. Mwalimu wa shule alikuwa kilema: aliwahi kunywa nyumbani kwake. Mchinjaji alisikia maumivu: yule bibi alikuwa amepita karibu. Mkononi mwa hofu, kila kitu kinageuka kuwa ushahidi. Katharina mwenyewe aliongeza matatizo. Alimwahidi mkuu wa mji kikombe cha fedha ili kesi iendelee, akaonekana anataka kununua haki. Alimwomba mchimba kaburi fuvu la baba yake ili litengenezwe kikombe kwa ajili ya mwanawe, jambo alilolisikia katika mahubiri juu ya desturi za watu wa kale.

Tarehe 7 mwezi wa 8 mwaka 1620, usiku, walimkamata katika nyumba ya binti yake, ambaye mume wake alikuwa mchungaji. Walimtoa ndani ya sanduku ili majirani wasione. Alikuwa na zaidi ya miaka 70. Alifungwa minyororo, akalindwa na walinzi wawili, na gharama za walinzi hao pamoja na kuni zao zililipwa kutoka katika mali yake mwenyewe.

Mtoto wake mwingine, Christoph, fundi wa vyombo vya bati, aliona aibu, akaomba kesi ihamishwe mbali na mji. Mkwe wake mchungaji naye alirudi nyuma. Margaretha hakumwacha mama. Kepler alikuwa mbali, katika nchi ya vita, na kazi ya Kaisari mikononi. Aliifungasha familia yake, akaiacha Regensburg, akaenda.

Mtoto anatetea

Kepler alikaa karibu mwaka mzima katika kazi hiyo. Rafiki yake wa chuo, mwanasheria Christoph Besold, alimsaidia, lakini sehemu kubwa ya utetezi, zaidi ya kurasa mia moja, ilikuwa kazi yake mwenyewe. Alifanya kwa maneno ya majirani kile alichofanya kwa Mars: aliyapima moja moja.

Msichana aliumwa mkono? Alikuwa amebeba matofali mazito. Mwalimu ni kilema? Aliumia akiruka mtaro. Ursula anaugua? Alikuwa mgonjwa kabla ya kinywaji hicho, na alikuwa ametumia dawa kali. Shahidi huyu amesema hivi leo, lakini mwanzoni alisema vingine. Huyu anarudia alichosikia sokoni. Huyu ana ugomvi wa fedha na mshitakiwa. Dawa za majani? Nusu ya wanawake wa nchi wanazitumia. Mama halii mbele ya mahakama? Yeye mwenyewe alijibu kwamba amelia sana maishani mwake hata machozi yamekwisha.

Kepler alikuwa na uchungu mwingine wa siri. Miaka iliyopita aliandika hadithi ya safari ya mwezini, ambamo kijana ana mama anayeuza majani na kuita pepo. Ilikuwa njia ya kufundisha elimu ya nyota. Nakala yake ilitoka mkononi mwake, na baadaye aliamini kwamba ilichochea masengenyo juu ya mama yake. Mwanafunzi wa nyota alijifunza kwamba neno lililotupwa kwa mchezo laweza kurudi na minyororo.

Mwisho wa kesi, wanasheria wa Tübingen waliamua kwamba bibi aonyeshwe vyombo vya mateso ili akiri kwa hofu. Tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka 1621 mtesaji alimwonyesha vyombo vyake na kazi ya kila kimoja. Katharina hakukiri. Alisema kwamba hata wakimng'oa mshipa mmoja mmoja hana la kuungama, akapiga magoti, akaomba Sala ya Bwana. Siku chache baadaye aliachiliwa, baada ya miezi 14 ya kifungo. Hakuweza kurudi Leonberg, maana watu walitishia kumwua. Alikufa mwezi wa 4 mwaka 1622.

Mwanamke huyu alikuwa amempeleka mtoto kutazama kitu kilichoogopwa na wengi. Miaka 43 baadaye yeye mwenyewe akawa kitu kilichoogopwa na wengi, na mtoto yule akaja kumtazama sawasawa, kwa utulivu, mpaka hofu ikakosa la kusema.

Mwisho wa safari

Vita havikumwacha. Mwaka 1626 Linz ilizingirwa, na mtambo uliokuwa ukichapa kitabu chake ukateketea. Alikwenda Ulm, akamaliza huko mwaka 1627 majedwali makubwa ya sayari, ambayo mabaharia na wenye kalenda waliyatumia kwa vizazi. Mwaka 1630 alisafiri kwa farasi hadi Regensburg kudai mishahara ambayo Kaisari hakumlipa. Aliugua homa, akafa tarehe 15 mwezi wa 11, akiwa na miaka 58. Alizikwa katika makaburi ya Waprotestanti nje ya ukuta wa mji. Vita vikayabomoa makaburi hayo, na leo kaburi lake halionekani. Wengi wetu pia hatujui tena yalipo makaburi ya wazazi wetu.

Sisi na mbingu yetu

Sasa ninaweza kumjibu yule mzee wa kanisa. Baba, ile nyota haikuleta vita. Vita vilikuwa kwetu tangu zamani kabla haijaonekana. Wewe mwenyewe umezika watu katika vita hivyo miaka mingi. Tukiiwekea nyota hatia, tunawaondolea hatia wanadamu. Nabii Yeremia, katika sura ya 10, anawakataza watu wa Mungu kuogopa ishara za mbinguni jinsi mataifa wanavyoziogopa. Na mtunga Zaburi 147 anasema Mungu anazijua nyota zote kwa majina. Mtoto hatishwi na taa za nyumba ya Baba yake.

Lakini nyota ni jambo dogo. Jambo kubwa ni mama mzee wa kijiji chetu. Katika Kivu yetu wanawake wazee wamepigwa na kuchomwa moto kwa sababu mtu mmoja aliota, au mtoto alikufa, au mwenye maono alitaja jina. Watoto wamefukuzwa nyumbani wakiitwa wachawi, ingawa sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inakataza kabisa kumshitaki mtoto kwa uchawi. Na mara ngapi jina hilo limetajwa ndani ya chumba cha maombi, mchungaji akinyamaza?

Nimekuwa mmoja wa walionyamaza. Miaka kadhaa iliyopita bibi mmoja alisemwa vibaya katika mtaa niliotumikia. Sikumshitaki, lakini sikwenda kumwona pia, nikiogopa kwamba waamini watanikimbia. Alihama usiku. Ninaposoma habari za yule mkwe mchungaji aliyerudi nyuma, ninajua nafasi yangu katika hadithi hii.

Ndugu wachungaji, wazee, akina mama wa kanisa, tujifunze kupima kabla ya kutaja jina. Mtoto ameugua: je, amefika kituo cha afya? Mfiwa anamshuku jirani: je, walikuwa na ugomvi wa shamba? Shahidi anaongea: je, ameona, au amesikia? Amri ya Mungu juu ya ushuhuda wa uwongo haikuandikwa kwa mahakama peke yake. Na aliyesingiziwa akikamatwa, mmoja wetu afunge safari aende kukaa naye, hata ikichukua mwaka mzima.

Na siku nyota yenye mkia itakapoonekana tena, usiwafungie watoto ndani. Shika mkono wa mmoja wao, panda naye mahali pa juu, mtazame pamoja kazi ya mikono ya Bwana.

Mungu awalinde mama zetu wazee, na atupe sisi ujasiri wa kusimama karibu nao. Amina.